Dokezo la Wino Mwekundu

Bashiri Abdulrahim ni kijana mpole kuliko wote niliowahi kukutana nao, na upole wake ulikaribia kutuponza sisi wawili. Nitasimulia habari zake kama zilivyokuwa, bila kujipendelea, ingawa kujipendelea ni kazi ninayoiweza sana.

Nianze na mimi ili mjue alikutana na mtu gani. Naitwa Ebenezer, Mgogo wa Mvumi. Nilikaa masjala ya ofisi moja ya serikali hapa Dodoma miaka ishirini na miwili, nikipokea barua, nikizipa namba kwa wino mwekundu na kuzifunga kwenye majalada. Mwaka tisini na sita tukaambiwa tumekuwa wengi mno, baadhi yetu tupunguzwe, nami nikawa miongoni mwa waliopunguzwa. Nikakaa nyumbani Area D nikimkosoa mke wangu Dorothea jinsi anavyopanga masufuria, mpaka akaenda mwenyewe kwa kaka yake William kuniombea kazi, kazi yoyote ile, ilimradi ifanyikie nje ya nyumba yake. William alikuwa ameshafungua duka la intaneti mjini, lenye kompyuta nne na skana moja. Ndivyo nilivyojikuta msimamizi wa intaneti nikiwa na miaka hamsini na mitatu, wakati hata simu ya mkononi ilikuwa bado inanitia wasiwasi.

Miongoni mwa wateja wangu alikuwepo mwanafunzi mmoja wa Kikurya, Wambura, ambaye baadaye alipata nafasi ya kusoma ughaibuni. Huko akafungua tovuti ya katuni za kuchekesha zinazochorwa na watu wasio na jina: walimu, wauguzi, makondakta, yeyote mwenye kalamu na ubishi. Siku moja akaniandikia barua pepe: "Mzee, wewe ulikuwa unanikosoa hata nukta kwenye barua zangu za mapenzi. Njoo uwe hakimu wetu." Nikakubali kabla sijafika mwisho wa barua.

Basi kila Jumamosi nikawa naandika hukumu. Sikujua kuandika kwa namna nyingine yoyote ila ya ofisini, kwa hiyo niliandika dokezo sabili, ile karatasi ambayo karani huandikia maoni yake ili mkubwa aamue. "Moja, mchoro unaridhisha. Mbili, maandishi ni marefu, na mwandishi anatueleza kwa nini tucheke. Tatu, naomba kuwasilisha." Watu wakapenda. Mwalimu mmoja wa Singida alinitukana kurasa tatu, nami nikazipa namba, nikazifungulia jalada.

Nilikuwa na utaratibu wangu. Nilikata kipande cha boksi la sabuni, kwanza nafunika maneno, naangalia picha peke yake. Halafu nafunika picha, nasoma maneno peke yake. Ikiwa picha tupu zimeshasema yote, maneno ni wapangaji wasiolipa kodi. Ikiwa maneno yanajitosheleza, mchoro ni pambo la ukutani. Katuni nzuri ni ile ambayo ukifunika kimoja, kingine kinabaki kinahangaika.

Lakini hata kwa utaratibu huo, jambo moja lilinisumbua kichwa. Kulikuwa na muuguzi aliyechora watu wa vijiti, mikono haina hata vidole, nami nilimcheka siku tatu. Kulikuwa na fundi mwingine, kila kifungo cha shati kimechorwa, kila unywele uko mahali pake, na hakuna aliyetabasamu. Masjala nilijua kila karatasi imetoka wapi na inakwenda wapi. Kicheko sikujua kinatokea wapi, na nilitaka sana kujua.

Bashiri alikuja mara ya kwanza Machi 2003. Alikuwa anasaidia mfanyabiashara mmoja wa Chemba kushusha mbuzi mjini kila baada ya wiki mbili, na alipoingia dukani wateja walijua kwa harufu kabla hawajageuka. Kijana mrefu, kofia ya kitambaa kichwani, umri wa miaka ishirini na miwili hivi. Akanipa shikamoo ya kuinama, akatoa bahasha ndani ya koti, na ndani ya bahasha karatasi mbili. Alikuwa amesikia habari za tovuti kwa wanafunzi walionunua mbuzi wa sherehe.

Katuni yake aliiita *Dalali na Mbuzi Wake*. Kila karatasi ilikuwa na picha nne kwa mstari mmoja. Mimi nikaanza na mbuzi, na nasema kweli, nilisogeza miwani. Mbuzi yule alikuwa na jicho la mtu anayejua siri yako na anasubiri wageni waje ndipo aiseme. Sijawahi kuona mnyama aliyechorwa vile, tena kwa kalamu ya kawaida ya wino.

Halafu nikasoma hadithi. Picha ya kwanza, dalali amelala chali mavumbini, kanzu imechanika, anamwambia mnunuzi, "Huyu ni mpole, hata mtoto anamchunga." Picha ya pili, dalali anaburutwa na mbuzi. Ya tatu, mbuzi ameona baiskeli iliyobeba majani ya viazi. Ya nne, dalali amesimama safi kabisa, anajifunga kamba ya mbuzi kiunoni na kusema, "Leo haponyoki." Mwisho. Nikageuza karatasi nione kama kuna picha ya tano nyuma. Haikuwepo.

Niliipitisha kwenye skana, kwa sababu tovuti ilipokea kila kazi, nzuri na mbaya. Halafu nikachukua ile karatasi yenyewe na kuandika maoni yangu pembezoni, upande wa kushoto, kama nilivyozoea ofisini, kwa wino mwekundu: "Haifai. Mtu anaanguka kabla hajavutwa." Nikamrudishia.

"Sawa, mzee," akasema. "Ahsante sana, mzee." Akaipokea kwa mikono miwili.

Alikuja hivyo mara sita, kila mara na karatasi mbili. Kila mara mbuzi alikuwa mzuri kuliko wa juzi na kila mara hadithi ilikuwa haina miguu. Mtu analia kwanza, ndipo anapigwa. Mtu anatafuta kofia yake, ndipo anaivaa na kutoka nayo nyumbani. Kwenye tovuti wasomaji waliandika maoni mafupi: "Mchoro safi, hadithi sijaielewa." Mimi nikaendelea na wino wangu. Haifai. Haifai. Haifai, soma tena utaratibu wa matukio. Na yeye kila mara: sawa, mzee.

Wachoraji wenzake wote walikuwa wananibishia. Yeye hata siku moja. Nilidhani ni kwa sababu anajua nasema kweli, na nakiri jambo hilo lilinipendeza.

Mara ya sita nikachoka. Kipaji kama kile kinapotea bure! Nikaandika kwa herufi kubwa: "HADITHI ZAKO ZOTE ZINAANZIA MWISHONI. GEUZA." Alisimama akiitazama ile karatasi muda mrefu.

"Nigeuze zote, mzee?"

"Zote. Kilicho mwisho kiwe mwanzo."

"Sawa, mzee."

Baada ya wiki mbili akarudi. Nakumbuka Dorothea alikuwa ameniletea chakula, na alikuwa amesimama nyuma yangu na hotpoti mkononi. Picha ya kwanza, dalali anamwambia mnunuzi mwenye kofia kubwa ya ukindu, "Mbuzi huyu hagusi kitu cha mtu." Ya pili, mnunuzi amevua kofia, ameiweka chini ili ainame kukagua meno. Ya tatu, mbuzi anatafuna, ukindu umebaki nje ya mdomo, jicho limetulia. Ya nne, dalali amejishika kiuno: "Kofia iliyo chini haina mwenyewe."

Nilicheka mpaka mteja wa kompyuta namba tatu akaniuliza kama naumwa. Dorothea aliweka hotpoti juu ya skana, jambo ambalo ni marufuku, na sikumkemea. Nikachukua wino mwekundu na kwa mara ya kwanza nikaandika: "Inafaa."

Bashiri akaisoma. "Inafaa, mzee?"

"Inafaa sana, mwanangu! Umeona sasa? Ilikuwa ni kugeuza tu."

"Sawa, mzee," akasema, akakunja karatasi yake na kuondoka. Hakutabasamu hata kidogo.

"Huyu kijana mbona hacheki?" Dorothea akauliza. "Mpishi asiyeonja mchuzi wake ana lake jambo."

Nikamwambia anaona haya tu, watu wa kule wana adabu. Lakini neno lake liliniingia. Kila Bashiri alipokuja baada ya hapo nilimtazama uso wakati mimi nacheka, na kila mara nilimwona ananitazama mimi, macho makini, akijaribu kuona nacheka nini. Nilijiuliza inawezekanaje mtu atengeneze kitu cha kuchekesha hivyo halafu yeye mwenyewe kisimguse. Nilijiuliza, ila sikumuuliza.

Miezi mitatu iliyofuata Dalali alishika moto. Maoni yalikuja kutoka Mwanza, Tanga, na kwa wanafunzi wetu walioko nchi za baridi. "Nimecheka hadi nimetolewa maktaba." "Huyu mchoraji ni kichaa, mleteni tena." Kila mara niliyachapisha na kumpa Bashiri, naye aliyasoma polepole, akayaweka kwenye bahasha. Mwishoni mwa Agosti ikaja barua pepe kutoka gazeti moja la vichekesho la Dar. Walimtaka Dalali kila wiki, na jina la Bashiri chini yake. Sharti ni kwamba atume kurasa sita mpya kabla ya tarehe ishirini Septemba. Asipotuma, nafasi itachukuliwa na mwingine.

Nilimsomea barua hiyo kwa sauti, duka zima likapiga makofi. Bashiri alitazama sakafu.

"Mzee, naomba nisichukue. Nitamalizia karatasi mbili nilizoahidi, halafu basi."

"Basi nini?"

"Basi kuchora, mzee. Nimeshindwa kuchora kitu nisichokielewa."

Nilimwona ama anaringa ama amepandwa na homa. Nilimpa mawaidha ya nusu saa. Alisikiliza yote, akasema sawa mzee, akaenda zake. Safari iliyofuata lori la mbuzi lilikuja na mtu mwingine, ambaye alinikabidhi bahasha yenye karatasi mbili na salamu: Bashiri hatachora tena, na baba yake naye amemkataza.

Nilivumilia siku mbili. Tarehe kumi na moja Septemba nikamwachia Dorothea ufunguo wa duka, nikapanda basi la Kondoa. Tulipita mashamba ya zabibu ya Makutupora, na baada ya hapo ilikuwa ni vumbi na mawazo yangu. Nilikuwa na hasira, niseme ukweli, lakini chini ya hasira kulikuwa na udadisi, na udadisi ndio uliokata tiketi.

Nilishuka Chemba mchana. Karibu na stendi kulikuwa na benchi la kahawa na wanaume sita hivi. Nikawasalimu, nikauliza nyumba ya Abdulrahim, baba yake Bashiri. Muuza kahawa akatazama miwani yangu, akatazama kalamu tatu kwenye mfuko wa shati.

"Wewe ndiye wa intaneti ya Dodoma? Mwenye wino mwekundu?"

"Ndiye mimi."

Akageuka na kupaza sauti mpaka ng'ambo ya barabara: "Jamani, Bwana Haifai amekuja!"

Benchi zima likaangua kicheko. Nilitaka kurudi kwenye basi. Lakini walisimama, wakanipa mikono, mmoja akanipa nafasi yake, mwingine akanimiminia kahawa. Hawakuwa wananidhihaki; walikuwa wamefurahi kuniona kabisa. Mzee mmoja mwenye meno mawili alikuwa anafuta machozi.

"Unaua wewe bwana! 'Haifai. Mtu anaanguka kabla hajavutwa.' Haki ya Mungu unaua!"

Nikabaki nimeshika kikombe. Nimeandika madokezo miaka ishirini na miwili, na hakuna binadamu aliyewahi kucheka hata moja. Sasa hawa wanacheka nini? Niliwauliza. Wakacheka zaidi, wakaona nawaongezea vichekesho. Ikabidi wanisindikize nyumbani kwa Abdulrahim, wote, pamoja na birika.

Abdulrahim alikuwa mwalimu wa madrasa, mzee wa miaka sabini na kitu, mwembamba, amekaa juu ya mkeka barazani. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akanikaribisha vizuri, lakini si kwa furaha. Bashiri alitoka ndani, akaniona, akasimama kama mtu aliyeitwa mahakamani. Akanisalimu, akakaa pembeni ya baba yake.

Mwalimu hakuzunguka. "Wewe ni mgeni na mimi nakuheshimu. Lakini mwanangu alikuja kwako mzima, ukanirudishia mtu mwingine."

Akanisimulia. Bashiri hakupelekwa shule ya serikali. Dada yake Naima alipelekwa, yeye alibaki madrasa kumsaidia baba, kwa sababu macho ya Mwalimu yalishaanza kupungua. Huko ndiko alikoanza kuchora, kwenye ubao, mbuzi kando ya aya. Wanafunzi wakacheka, Mwalimu akamchapa. Siku ya pili mbuzi alikuwepo tena, ameinama anasoma, na Mwalimu alilazimika kutoka nje ili wanafunzi wasimwone anacheka. Herufi za shuleni Bashiri alifundishwa na Naima akiwa na miaka kumi na sita. Tangu hapo michoro yake ilipata maneno, na kila jioni watu wa mtaa walikuja barazani kuiona.

"Alikuwa anatufurahisha," Mwalimu akasema. "Halafu akaanza kuja kwako. Kwanza alileta zile zenye maneno yako, na hizo tulizipenda sana. Baadaye akaanza kuleta vitu visivyo na kichwa wala mkia. Mtu anajibu kabla hajaulizwa. Nikasema mwanangu amepatwa na jambo huko mjini. Mwezi mzima namsomea dua. Mwisho nikamwambia aache kuchora, asije akapotea kabisa."

"Lakini Mwalimu, hizo ndizo nzuri! Watu wa Tanga, wa Mwanza, wa Ulaya..."

"Tazama mwenyewe," akasema.

Akatoa mfuko wa nailoni uliokunjwa vizuri. Ndani kulikuwa na karatasi zote, za zamani na za sasa. Akachukua ile ya kwanza kabisa, ya dalali na kamba, akaiweka mkekani na kuisogelea mpaka pua ikakaribia kuigusa. Watu wa kahawa wakajipanga nyuma yake. Akaweka kidole kwenye picha ya kulia.

Nikadhani anatafuta mahali pa kuanzia. Hapana. Alikuwa ameanza. Kidole kilikaa kulia, kwa dalali safi anayejifunga kamba: leo haponyoki. Kikasogea: mbuzi ameona majani ya viazi. Kikasogea: dalali anaburutwa. Kikafika kushoto: dalali chini mavumbini anamwambia mnunuzi kwamba mbuzi ni mpole, hata mtoto anamchunga. Wote wakaanza kutikisika. Kidole kikasogea tena, kikatoka nje ya picha, pembezoni kabisa, penye wino mwekundu.

"Haifai," Mwalimu akasoma kwa sauti ya ukali, sauti ya serikali kabisa. "Mtu anaanguka kabla hajavutwa!" Na baraza zima likalipuka.

Nikamsogelea. "Rudia, Mwalimu. Tafadhali."

Akarudia. Kulia kwenda kushoto, kama anavyosoma msahafu wake, kama alivyowafundisha watoto wa Chemba miaka arobaini. Nikaichukua ile karatasi na kuisoma mwenyewe kutoka kulia. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko ile ya kofia. Nilicheka, sikuweza kujizuia, mpaka nilipokumbuka zilikuwa kumi na mbili, na zote nilizichafua kwa wino, na zote alizipokea kwa mikono miwili.

Nilijisikia vibaya sana. Nilitamani kunyamaza, ninywe kahawa, nirudi Dodoma, nimwandikie barua. Lakini Bashiri alikuwa ananitazama, na siku tisa ndizo zilizobaki. Nikavua miwani.

"Mwalimu, mwanao hajapatwa na kitu. Aliyekosea ni mimi. Sisi tuliosoma shule tunaanzia huku," nikagusa kushoto, "tunakwenda kule. Nilimsoma kinyume. Nikamwambia ageuze, akageuza. Sasa sisi tunacheka, nyinyi mnaona ugonjwa."

Hakuna aliyecheka. Vidole vya Mwalimu vilikuwa bado juu ya karatasi.

"Umesoma mpaka wapi?" akauliza.

"Kidato cha nne, Mwalimu."

"Na kazi yako ilikuwa nini?"

"Kusoma barua za watu."

"Na huyu alikuja kwako mara ngapi?"

"Mara kumi na moja. Kumi na mbili."

"Mara kumi na mbili." Hakupandisha sauti. "Na hukumuuliza hata mara moja, mwanangu, hadithi yako inaanzia wapi?"

"Sikumuuliza."

Akamgeukia Bashiri. "Na wewe? Ulipoona mtu mzima hajaelewa, hukumwambia?"

"Ningembishiaje mzee, baba?" Bashiri akasema kwa sauti ndogo. "Na ameandika kwa wino mwekundu."

Halafu akaniuliza mimi, akiwa ameinamisha uso: "Mzee, kwa hiyo wale wa kwenye intaneti wanaosema wamecheka... wanacheka kile nilichochora?"

"Wanacheka ulichochora."

"Mimi nilidhani wananicheka mimi. Nilidhani wanasema, tazameni mshamba wa mbuzi, hajui hata kusimulia."

Miezi mitatu nilikuwa namchapishia yale maoni, nampa mkononi kwa fahari, naye anayabeba mpaka Chemba akiamini ni matusi. Tena akarudi na kuchora mengine, kwa sababu mtu mzima alisema inafaa. Machozi yalinilenga, na sikuona haya.

Bashiri alisogea karibu na baba yake. Alichukua karatasi ya kofia, akaiweka juu ya zile nyingine, akashika mkono wa Mwalimu na kukipeleka kidole upande wa kushoto.

"Huku ndiko mwisho," Mwalimu akapinga.

"Leo tuanzie huku, baba."

Kidole kilikwenda polepole, kikisita kila picha, kikitaka kurudi. Hagusi kitu cha mtu. Kofia imewekwa chini. Mbuzi anatafuna. Kilipofika kwenye picha ya mwisho Mwalimu alisogeza midomo. Halafu nikaona tumbo lake linaanza kucheza ndani ya kanzu.

"Kofia iliyo chini," akasema, "haina mwenyewe!" Akapiga mkeka kwa kiganja. "Haina mwenyewe! Huyu dalali ni Juma Kiloti mtupu!" Sijui Juma Kiloti ni nani, lakini benchi la kahawa lilimjua, na walicheka mpaka muuza kahawa akamwaga birika. Bashiri naye akacheka. Sikuwahi kumsikia kabla ya hapo. Alicheka kwa pua, mabega yakipanda.

Baba yake alipopumua akamwambia, "Nisamehe zile dua, mwanangu."

"Dua hazina hasara, baba," Bashiri akajibu. "Nitazitumia Dar."

Ndivyo nilivyojua amekubali. Nilibaki Chemba siku tatu, nikalala chumba cha wageni, nikala ugali wa uwele na maziwa ya mgando, na Bashiri akachora. Kazi yangu ilikuwa kuchonga penseli. Siku ya pili asubuhi akanipa ukurasa wa kwanza wa gazeti, wino haujakauka. Sikuchukua kipande cha boksi.

"Inaanzia wapi?" nikauliza.

"Kushoto, mzee. Hii ni ya Dar."

Nikaisoma. Dalali amempeleka mbuzi kwa mpiga picha ili ampate mnunuzi wa mbali. Picha inapotoka, mbuzi amekaa kwenye kiti na dalali ndiye aliyefungwa kamba. Nzuri, haina ubishi. Lakini katika picha ya tatu mbuzi alikuwa anatabasamu, na mbuzi anayetabasamu anamwambia msomaji kwamba kichekesho kinakuja. Nikamweleza hivyo. Nikasema mdomo wake aufute.

Bashiri alitazama karatasi. Akamtazama baba yake, ambaye alijifanya anashughulika na tasbihi.

"Hapana, mzee," akasema. "Hapo umekosea."

Nilitazama tena. Sikukubaliana naye, na mpaka leo sikubaliani naye. Lakini nilisogea pale mkekani, nikampa nafasi akae vizuri.

"Haya," nikamwambia, "nieleze."

Akanieleza mpaka adhuhuri.